Deni la Kamera Ndogo

Anayekusudia kutundika ukutani picha ya mandhari ya nyeusi na nyeupe, yenye upana wa mita moja au zaidi, huanza na swali la filamu. Ipi ina chembe laini kuliko zote? Swali lina mantiki, maana kila picha ya filamu, ukiikuza vya kutosha, huacha kuwa mlima na kuwa nukta tupu: chembe za fedha zilizobaki ndani ya jelatini baada ya filamu kusafishwa. Angani ndiko zinakoonekana mapema zaidi, kwa kuwa mbingu ya kijivu haina majani wala mawe ya kuzificha. Hata hivyo, historia ya picha hizi inaonyesha kwamba swali hilo lilichelewa kuja. Kwa zaidi ya miaka 60 watu walipiga na kuuza picha kubwa za milima, maporomoko na misitu, nyingine zikiwa leo hazina za makumbusho, na suala la chembe halikuwanyima usingizi. Liliibuka pale kamera ilipopungua ukubwa. Dai langu ni hili: filamu ya chembe laini ilibuniwa kulipa deni lililoletwa na kamera ndogo, na anayechagua filamu kabla hajaamua ukubwa wa negativu yake ameianza kazi kutokea mwisho.

Ushahidi wa kwanza uko katika bonde la Yosemite, California. Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia bondeni humo na msafara wa baghala, akiwa na kamera aliyotengenezewa maalumu ya kupigia vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56. Kioo kimoja cha ukubwa huo kina uzito wa karibu kilo mbili. Njia aliyotumia ilikuwa ya kolodioni mbichi, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Ndani ya hema lenye giza unamimina kolodioni juu ya kioo, unakiinamisha huku na huku mpaka dawa ienee pembe zote nne bila kumwagika, unakizamisha katika nitrati ya fedha, unakitia kwenye kamera kikiwa bado kimelowa, unapiga, kisha unarudi mbio hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Kikikauka, kazi imepotea. Watkins alirudi na vioo 30 vya ukubwa huo. Mwishoni mwa 1862 picha zake zilionyeshwa New York katika nyumba ya sanaa ya Goupil, na tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde hilo kwa jimbo la California lihifadhiwe kwa ajili ya umma. Picha za Watkins hutajwa miongoni mwa mambo yaliyowashawishi wanasiasa ambao hawakuwahi kufika huko.

Ukisogea karibu na mojawapo ya picha hizo unaona nyufa za mwamba ulio mbali na matawi ya misonobari yakitengana moja moja, na hakuna chembe hata ukitumia kioo cha kukuzia. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kolodioni yenyewe, ambayo fedha yake ni laini mno. Ya pili ndiyo yenye uzito zaidi: picha haikukuzwa kabisa. Kioo kililazwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi za fedha, vyote viwili vikaanikwa juani, na picha ikatoka sawasawa na ukubwa wa kioo. Aliyetaka picha kubwa alibeba kioo kikubwa; njia nyingine zilikuwepo, lakini zilikuwa za taabu na matokeo yake hafifu. Gharama ililipwa kwingine. Kolodioni iliona buluu na karibu kuikosa nyekundu kabisa, hivyo mbingu za Yosemite zilitoka nyeupe tupu bila wingu. Muda wa kupiga ulikuwa mrefu kiasi kwamba maporomoko yaligeuka utaji. Watkins aliipata hiyo ambayo sisi tunaiita filamu laini kuliko zote bila kuitafuta, na bado hakuwa huru.

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza namna ya kuchanganya bromidi ya fedha na jelatini, na ndani ya miaka kumi vioo vikavu vilikuwa vikiuzwa madukani. Sasa mpiga picha aliweza kupanda mlima bila hema la giza. Vittorio Sella, Mwitaliano wa Biella, alipanda Alpi na Kaukazi na kamera ya vioo vya sentimita 30 kwa 40, kila kioo karibu kilo moja, kabla ya kugeukia vipimo vidogo zaidi. Mwaka 1906 alifuatana na Duke wa Abruzzi kwenda Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, na safari hiyo ilibebwa vichwani na migongoni mwa wapagazi kutoka Entebbe hadi kwenye theluji. Kule juu adui alikuwa ukungu. Vilele vilifunguka kwa muda mfupi na kufunga tena, na kioo kikavu, ambacho kilikuwa na kasi kubwa kuliko kolodioni, ndicho kilichomwezesha kuuwahi mwanya huo. Jelatini iliyopashwa moto ili iongeze kasi ilikuwa na chembe kubwa kuliko kolodioni, lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu kioo kilikuwa bado kikubwa. Ansel Adams, mpiga mandhari wa Marekani ambaye tutakutana naye hapa chini, aliandika sifa kubwa juu ya Sella mwaka 1946.

Kilichobadilisha mambo ni vitu viwili vilivyokutana. Karatasi ya bromidi, iliyoenea tangu miaka ya 1880, ilikuwa nyepesi kupokea mwanga kiasi cha kuchapika kwa taa badala ya jua, na hivyo kukuza picha kukawa jambo la kawaida chumbani. Kisha akaja Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Barnack alikuwa na pumu, na kupanda vilima na kamera ya vioo kulimchosha. Alichukua mkanda wa filamu ya sinema na kuutengenezea kamera ya mfukoni yenye negativu ya milimita 24 kwa 36. Ya kwanza aliijaribu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1925 Leica ikauzwa kwa umma. Wazo lake lilikuwa negativu ndogo, picha kubwa. Hapo ndipo deni lilipoandikwa. Eneo la negativu ya Leica ni chini ya sentimita za mraba 9, na lile la filamu ya inchi 8 kwa 10 ni zaidi ya 500. Mlima uleule ulitakiwa uandikwe kwenye nafasi iliyo ndogo takriban mara 60, kwa fedha ileile.

Viwanda vilijibu upesi, na majibu yao ndiyo chanzo cha msamiati wote wa chembe tulio nao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 maabara za Kodak zilitoa dawa ya kusafishia iitwayo D-76, yenye gramu 100 za salfaiti ya sodiamu kwa kila lita. Salfaiti nyingi kiasi hicho hulamba kingo za chembe na kuzipunguza. Miaka ya 1930 ikaleta filamu za polepole zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera ndogo, Panatomic ya Kodak na mrithi wake Panatomic-X zikiwamo. Nchini Ujerumani, Paul Wolff wa Frankfurt alizunguka na maonyesho ya picha kubwa zilizotoka kwenye Leica ili kuwathibitishia wenye mashaka kwamba inawezekana. Ushauri wake ulikuwa kuipa filamu mwanga wa kutosha na kuisafisha kwa muda mfupi, maana kusafisha kupita kiasi hukuza chembe. Ushauri huo ni mzuri mpaka leo. Lakini kila jibu lilitoza kitu. Dawa inayolamba chembe hulamba pia ukali wa kingo, na picha inaweza kutoka laini kama ilivyokusudiwa huku majani yake yakiwa yamefifia. Dawa ya zamani ya Agfa, Rodinal, iliyoanza kuuzwa mwaka 1891, hufanya kinyume chake: huziacha chembe zionekane na kingo zikate. Waliohitaji ulaini na ukali kwa pamoja hawakuvipata ndani ya chupa moja.

Adams ndiye shahidi ninayemtegemea zaidi, kwa kuwa alipita njia zote na akaandika alichofanya. Tarehe 10 Aprili 1927 alipiga uso wa Half Dome, mwamba wa Yosemite, kwenye kioo cha inchi 6.5 kwa 8.5. Kioo hicho kiliona rangi zote, tofauti na vile vya Watkins, kwa hiyo alipobadilisha kichujio cha njano na kuweka chekundu, mbingu ilishuka hadi karibu na weusi kamili na mwamba ukasimama mbele yake. Alikuwa ameuchagua weusi wa mbingu kabla ya kufungua lenzi. Mwaka 1941 huko Hernandez, New Mexico, alipiga mwezi ukichomoza juu ya makaburi ya kijiji kwa kamera ya inchi 8 kwa 10, sekunde moja, tundu la f/32, kichujio cha njano iliyokolea, filamu ya ASA 64. Sehemu ya juu ya picha hiyo ni mbingu nyeusi pana, mahali ambapo chembe zingejianika zaidi. Negativu hiyo imechapwa mara nyingi mno, nyingine kubwa sana, na chembe hazikuwahi kuwa suala. Kasi ya ASA 64 ilikuwa ya kawaida. Kisha mwaka 1960 akapiga mwezi juu ya Half Dome kwa Hasselblad, kamera ya mkanda yenye negativu ya takriban sentimita 5.6 kila upande, sehemu ya kumi na sita tu ya eneo la ile ya Hernandez. Safari hii alitia Panatomic-X. Mtu yuleyule, bonde lilelile la ujana wake, na filamu ya chembe laini inaingia siku ambayo kamera imepungua.

Hesabu zinaunga mkono historia. Chukua picha ya upana wa mita moja. Kutoka kwenye negativu ya Leica unakuza mara 28 hivi. Kutoka Hasselblad mara 18. Kutoka filamu ya inchi 4 kwa 5 takriban mara 8. Kutoka 8 kwa 10 mara 4. Sasa linganisha filamu. Kwa vipimo vya Kodak yenyewe, ukali wa chembe za T-Max 100 ni 8 na ule wa Tri-X 400 ni 17. Yaani kutoka filamu ya mwanahabari anayekimbizana na matukio hadi filamu laini ya maabara, unapata nafuu ya mara mbili na kidogo. Kutoka Leica hadi inchi 4 kwa 5, nafuu ni zaidi ya mara tatu, na unaipata bila kupoteza kasi hata chembe. Aliyepiga kwa T-Max 400, yenye kipimo cha 10, kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5 atapata anga laini kuliko aliyehangaika na T-Max 100 kwenye Leica. Zaidi ya hapo, chembe ni nusu tu ya habari. Negativu kubwa hubeba pia maelezo mengi zaidi: lenzi haitakiwi kuandika unywele mmoja ndani ya nafasi ya mikroni chache, na mpito kutoka kijivu hadi kijivu una nafasi ya kutembea.

Hapa pana pingamizi la haki, na linatoka kwa upepo. Kamera kubwa inahitaji tundu dogo ili jiwe la mbele na mlima wa nyuma vyote viwe wazi: kinachopatikana kwa f/8 kwenye Leica kinataka karibu f/64 kwenye 8 kwa 10, na f/64 hupitisha mwanga mara 64 pungufu. Pale Leica inapopiga kwa sehemu ya 60 ya sekunde, kamera kubwa inataka sekunde nzima, na majani hayasubiri sekunde nzima. Ni kweli, na ndiyo sababu mandhari nyingi za kamera kubwa ni za alfajiri, wakati hewa imetulia. Lakini pingamizi hili linaigonga filamu laini kwa nguvu zaidi kuliko linavyoigonga kamera kubwa. Mwenye kamera ndogo anayetia filamu ya ISO 25 na kichujio chekundu kinachokula mwanga mara nane anabaki na kasi ya ISO 3 hivi. Naye pia anahitaji stendi ya miguu mitatu na subira, ilhali aliinunua kamera ndogo ili aepukane navyo. Mwenye kamera kubwa anaweza kutia ISO 400, yenye kasi mara 16 ya hiyo ISO 25, na chembe zisionekane.

Pingamizi la pili ni la wakati: kwamba yote haya yalikuwa kweli hadi kemia ilipoyapita. Kodak ilikuwa na Technical Pan, filamu iliyotokana na kazi za kisayansi, iliyosafishwa kwa dawa yake maalumu na kupigwa kwa ISO 25 hivi. Ulaini wake ulikuwa wa ajabu, na wapo waliotoa kwenye mkanda mdogo picha ambazo watazamaji walidhani ni za kamera kubwa. Mwaka 1986 ikaja T-Max, yenye chembe bapa zilizolazwa kifudifudi ndani ya jelatini ili zipokee mwanga mwingi kwa fedha kidogo. Ilford ikafuata na Delta, na Fuji na Acros, ambayo hadi dakika mbili za kuacha lenzi wazi haidai nyongeza yoyote ya muda. Maendeleo hayo ni makubwa na ningekuwa mkaidi kuyakana. Ila Technical Pan ilikuwa na tabia ya filamu ya kunakili maandishi: tofauti kali kati ya mwanga na kivuli, nafasi ndogo ya kukosea, na kusafishwa kulikohitaji mkono usiotetereka. Mandhari yenye theluji juani na msitu kivulini ndiyo hasa inayotaka kinyume cha hayo. Na kila hatua ya kemia iliyomnufaisha mwenye kamera ndogo ilimfikia pia mwenye kubwa, kwani T-Max 100 hukatwa katika karatasi za inchi 4 kwa 5 na 8 kwa 10. Umbali kati yao haukupungua.

Wengine husema picha kubwa hutazamwa kwa mbali, hivyo chembe za karibu si hoja. Kwa bango la barabarani, sawa. Picha ya mandhari ina desturi nyingine: mtu huisimamia hatua tatu nyuma akaona umbo la bonde, kisha husogea hadi pua inakaribia kugusa kioo, akitafuta njia, kibanda, ndege. Watkins na Adams walichapa kwa ajili ya kusogea huko. Anayekataa kusogelewa amechagua aina nyingine ya picha.

Na aina nyingine ipo, tena nzuri sana. Mario Giacomelli, mpiga chapa wa Senigallia, Italia, aliyageuza mashamba yaliyolimwa ya mkoa wake kuwa mistari ya weusi na weupe mkali ambamo ukwaru ni sehemu ya maana. Ardhi yake ina makunyanzi kama ngozi ya mzee, na ulaini ungeiharibu. Michael Kenna alipiga mandhari kwa Hasselblad na Tri-X, filamu ambayo mtafuta ulaini hangeigusa, kisha akachapa picha za takriban sentimita 20 kila upande. Hapo chembe hazisumbui kwa kuwa picha imekubali kuwa ndogo. Sioni katika wasanii hawa wawili upinzani kwa hoja yangu. Giacomelli aliamua chembe ziseme, Kenna aliamua ukubwa kwanza na filamu ikafuata. Naye Sebastião Salgado, aliyeijenga sifa yake kwa Leica, alipoanza mradi wa Genesis mwaka 2004 ambao ulidai mandhari kubwa za dunia nzima, alihamia kwanza kwenye kamera yenye negativu ya sentimita 6 kwa 4.5. Kabla ya kutafuta filamu laini zaidi, aliongeza eneo.

Soko nalo limetoa hukumu yake, ijapokuwa kwa sababu zake. Panatomic-X iliondoka mwishoni mwa miaka ya 1980, Technical Pan mwaka 2004, na Agfapan ya ISO 25 nayo haipo tena. Pan F Plus ya Ilford, ISO 50, bado inauzwa, lakini kwa mikanda ya kamera ndogo na za wastani tu; kampuni haiikati katika karatasi za kamera kubwa. Wanachoagiza wenye kamera hizo ni Delta 100, FP4 Plus ya ISO 125 na HP5 Plus ya ISO 400. Kila mwaka kiwanda cha Mobberley, Uingereza, hupokea oda maalumu za vipimo visivyo vya kawaida, vikiwamo vya hadi inchi 20 kwa 24, na HP5 Plus, ambayo kwenye mkanda wa Leica huonyesha chembe zake hata katika picha ya kuweka mezani, ni miongoni mwa filamu zinazokatwa kwa ukubwa huo na kuchapwa bila kukuzwa.